Mlango wa Dari Chumbani kwa Mkwe

Yeyote aliyeanzisha mtindo wa kuweka mlango wa dari chumbani kwa mwenye nyumba hakuwa na mama mkwe fundi umeme. Huku kwetu Mara, nyumba ya kisasa ikifikia hatua ya kupigwa dari la jipsamu, fundi humuuliza baba mwenye nyumba tundu la kupandia likae wapi, na baba hujibu bila kufikiri: chumbani kwangu. Sababu zake hazina maajabu. Mwizi akifumua bati na kuingia darini, ashukie mikononi mwake. Na kama kuna kitu ambacho ndugu hawapaswi kukiona, kikae huko juu, na atakayekitafuta alazimike kupita miguuni pa kitanda chake. Kila nilipopewa kazi nilisema, koridoni, jamani, wekeni koridoni. Walinicheka wakaendelea kuweka chumbani.

Mimi ni fundi umeme, naishi Nkende. Nilisomea chuo cha ufundi wakati wasichana wenzangu wanasomea ushonaji, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea binti yangu wa pekee. Hakuipenda. Shuleni walimwambia mama yako anapanda ngazi kama mwanaume, akarudi nyumbani analia, mimi nikamwambia chakula unachokula kinatoka juu ya hiyo ngazi. Sikujua kubembeleza, na mpaka leo sijui. Alipopata mchumba Issenye, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikwenda mbio kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Mkwe wangu ni mtu mzuri. Simvishi kilemba cha ukoka, hata sasa ambapo nina kila sababu ya kumsema vibaya. Hajawahi kumnyanyulia binti yangu mkono, na alimjengea nyumba ya matofali kabla hajajijengea jina. Na heshima ya ukwe anaijua kuliko vijana wengi wa siku hizi. Tukikutana njiani anajitoa pembeni, anatazama chini, anasema, "Shikamoo mama," nami najibu marahaba, kila mtu anakwenda zake. Akiwa na jambo na mimi anamtuma mke wake. Mimi nikiwa na jambo naye, namtuma binti yangu. Ndivyo tulivyokuta, kwetu na kwao, na nilikuwa nimeridhika nayo. Heshima si utumwa.

Binti yangu alipojifungua kwa upasuaji, nilifunga begi nikaenda Issenye kumlea. Nililala kwa mama wa mkwe wangu, kwenye nyumba ya upande wa pili wa boma. Katika nyumba ya mkwe niliruhusiwa sebuleni, koridoni na jikoni. Chumba chao hapana. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake, hakioni kitanda, hagusi shuka. Hata mtoto nililetewa sebuleni nimwogeshee hapo, kwenye beseni, juu ya mkeka.

Dari la ile sebule lilikuwa habari ya kijiji. Jipsamu ya ngazi ngazi, yenye ua katikati, na taa za mkanda zinazobadilika rangi: nyekundu, bluu, kijani. Watu walikuwa wanakuja kumwona mtoto wanaishia kuangalia juu. Mimi pia niliangalia juu, lakini si kwa furaha. Taa zilikuwa zinafifia na kurudi. Jua likiwa kali na mabati yanalia kwa joto, taa moja ya koridoni ilikuwa inatoa mlio mdogo kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Asubuhi moja namwogesha mtoto, binti yangu akaniambia huku anacheka, "Mama, hili dari linafinya."

"Linafinya vipi?"

"Kabla sijajifungua nilipanda kwenye kiti kufuta buibui kwenye taa. Nikigusa ile pete ya taa na kitambaa kibichi, linanifinya vidole."

Nilimkabidhi mtoto, maji yakinitiririka mikononi, nikaenda kujifuta na kuchukua testa kwenye begi langu. Testa ni bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Ukigusa kitu chenye umeme, kinawaka. Nilipanda kwenye kiti nikagusa pete ya taa ya sebuleni. Kikawaka. Nikagusa ya koridoni. Kikawaka. Ya jikoni, kikawaka. Nikasimama pale kwenye kiti, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Jipsamu imeshikwa na fremu za chuma chembamba, na fremu hizo zimeungana nyumba nzima. Kingo zake ni kali kama bati lililokatwa. Mahali fulani huko juu, ukingo umekula ganda la waya, na chuma chote kilichobeba dari kimeshika umeme. Chuma hichohicho kinapita juu ya kitanda cha mjukuu wangu.

Nilikwenda kwenye meni swichi. Kila kisanduku kizuri kina breka inayokata umeme wote pale unapovuja. Kile kilikuwa nayo, mpya kabisa, inang'aa. Ila ilikuwa imerukwa. Nyaya zilipita pembeni yake kama watu wanaompita kichaa barabarani. Nilitukana peke yangu, kwa Kikurya, maana Kiswahili hakikutosha.

Fundi aliyefanya kazi ile alikuja siku iliyofuata kumwona mtoto, amevaa shati jeupe, amebeba sukari. Ni rika la mkwe wangu. Walitahiriwa pamoja, siku moja, na huku kwetu hilo si jambo dogo. Rika lako ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Nilimsubiri amalize chai.

"Mura," nikamwambia, kama tunavyowaita vijana kwetu, "nyaya zako huko juu umezilaza juu ya nini?"

"Juu ya jipsamu, mama. Zimetulia tu."

"Umezipitisha kwenye mabomba?"

"Mabomba nimeweka ukutani, mama. Kule juu hakuna mtu anapita."

"Umezifunga kwenye mbao kwa klipu?"

Akatabasamu, lile tabasamu wanalompa mwanamke anayeuliza habari za gari. "Klipu za nini, mama? Waya si mbuzi, haiwezi kutoroka."

"Na breka, kwa nini umeiruka?"

"Ilikuwa inasumbua. Kila saa inakata. Jamaa yangu angekaa gizani na mke mja mzito?"

Nilitamani kumpiga na birika. Ilikuwa inakata kwa sababu ilikuwa inamwambia, mpumbavu wewe, umeme unavuja. Yeye akaona dawa ya mtu anayepiga kelele ni kumziba mdomo.

Waya haulazwi juu ya jipsamu kama nyoka anayeota jua. Unapandishwa kwenye mbao za kenchi zinazobeba bati, unafungwa ubavuni mwa mbao kwa klipu zinazokaribiana, usining'inie, usivutike, usiguse bati linalowaka moto mchana. Unapokwenda mahali panapoweza kuukwaruza, unavishwa bomba. Unapopenya kwenye chuma, tundu linavishwa mpira kwanza. Maungio yanakaa ndani ya boksi lenye kifuniko, hayafungwi tepu na kuachwa yakiegemea mbao kavu. Hakuna siri yoyote hapo. Ni kazi ya kuchosha, ya kutambaa kwa tumbo, vumbi puani, jasho machoni, na ikiisha hakuna atakayeiona. Ndiyo maana hawaifanyi. Wanaweka nguvu zote upande wa chini wa dari, ambako wageni wanatazama.

Ndipo ukaanza ujinga wa kutumana. Mkwe wangu aliporudi jioni, akasimama nje karibu na zizi. Mimi nilikuwa mlangoni jikoni. Kutoka mimi mpaka yeye ni umbali wa kurusha jiwe, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini binti yangu, tumbo bado lina nyuzi, mtoto bado ananyonya, ndiye aliyekuwa anatembea katikati yetu.

"Mwambie mume wako dari lina umeme. Lazima mtu apande leo."

Akaenda. Akarudi. "Anasema anashukuru, atamwita fundi wake aangalie."

"Mwambie fundi wake ndiye aliyeharibu. Namfahamu fundi wa Mugumu, nimpigie simu aje."

Akaenda, akarudi polepole zaidi. "Anasema kuleta fundi mwingine ni kumtangaza mwenzake kuwa tapeli. Hawezi kumfanyia hivyo mtu aliyesimama naye siku ya jando."

"Tundu liko chumbani kwenu, basi nitoboe jingine koridoni nipande mimi mwenyewe."

Hapo nilimwona mkwe wangu akiinua uso kidogo, halafu akakumbuka akauinamisha. Binti yangu alirudi amechoka. "Anasema jipsamu ikitobolewa koridoni, mistari yote itaharibika. Na mama, anasema wewe ni mama yake. Huwezi kupanda juu ya kichwa chake."

Nilizima meni swichi nikaondoka. Nilipofika kwa mama mkwe wa binti yangu nikageuka, nikaona sebule inawaka nyekundu, bluu, kijani. Wageni walikuwa wanakuja, na mwenye nyumba hakutaka wamkute gizani. Nilimchukia usiku ule. Nilimchukia kwa adabu yake. Mtu mkorofi ungegombana naye, mkatukanana, jambo likaisha. Huyu alikuwa ananiheshimu huku mjukuu wangu amelala chini ya chuma chenye umeme.

Siku ya mnada mkwe wangu alitoka mapema na ng'ombe wake. Nilimwambia binti yangu ampeleke mtoto kwa bibi yake upande wa pili, nyumba ya nyasi isiyo na waya hata mmoja, na abaki huko apumzike. Hakuniuliza kwa nini. Nikazima meni swichi, nikatoa fyuzi nikatia mfukoni, nikachukua ngazi stoo. Halafu nikasimama mbele ya mlango wa chumba chao.

Nimepanda nguzo nikiwa na mimba, nimefukuzwa na mbwa, nimepigwa shoti mpaka nikasahau jina langu, lakini kitasa kile nilikishika na kukiachia mara tatu. Niliingia. Nilikiona kitanda. Niliona shati lake limetundikwa, viatu vyake chini, kanga ya binti yangu juu ya mto. Niliona aibu, aibu ya kweli. Chumba ni kidogo na kitanda ni kikubwa, hapakuwa na mahali pa kuweka ngazi pasipokigusa. Nikaiegemeza kwenye ubao wa kitanda, nikapanda.

Huko juu aibu iliniisha. Nilimulika tochi, hasira ikarudi yote na nyongeza yake. Nyaya zilikuwa zimetupwa kama matumbo ya mbuzi. Nyingine zimening'inizwa kwa kamba ya katani kwenye misumari iliyopindwa. Waya wa taa za mkanda ulikuwa umevutwa kwenye ukingo wa fremu mpaka umekuwa bapa, shaba inachungulia. Panya nao walikuwa wamekula walichoachiwa. Na juu ya kitanda, palepale, ungio la tepu lilikuwa limeyeyuka likashikana na mbao, na mbao imekuwa mkaa kiasi cha urefu wa kiganja changu. Moto ulikuwa umeshaanza siku fulani. Ulianza, ukakosa pa kushika, ukazimika wenyewe, na watu chini yake wamelala. Niliugusa ule mkaa ukaniachia weusi kidoleni. Nikalia, kwa hasira, kule darini, mama mtu mzima nimelala kifudifudi.

Nilifanya kazi mpaka jua likapinda. Sikuwa na vifaa vya kurekebisha kila kitu, kwa hiyo nilichoweza kukifunga vizuri nilikifunga, na nisichoweza nilikikata. Kila chumba nilikiachia balbu moja, waya wake juu ya mbao, umefungwa, mbali na chuma, maungio ndani ya boksi. Taa za mkanda nilizikata zote. Breka nikairudisha kazini. Nikawasha, nikaipima fremu, testa haikuwaka.

Nilipotoka chumbani, vumbi kichwani na utando wa buibui usoni, mama wa mkwe wangu alikuwa amesimama koridoni na chupa ya chai. Alinitazama, akautazama mlango nilioutoka. Alifunika mdomo kwa kanga akaondoka.

Mkwe wangu alirudi, akaambiwa. Hakupiga kelele. Alikaa nje kwenye gogo, hakuingia nyumbani kwake mwenyewe. Nilimtuma binti yangu na kipande cha waya kilichoyeyuka, nilichokishusha darini, akamwonyeshe. Alikishika, akakigeuzageuza, akamrudishia. Jibu lilikuja hivi: "Anasema hana ugomvi na wewe. Lakini chumbani mle hawezi tena kulala."

Wazee wao walikaa. Mbuzi alichinjwa, chumba kikatakaswa, na mimi nikaambiwa nirudi kwangu, nisikanyage boma lile mpaka nitakapoitwa. Nilitaka kuwauliza ni mbuzi yupi wangechinja kwa ajili ya mtoto aliyeungua. Niliuliza, kwa kweli. Mzee mmoja akasema, "Mama, mtoto hajaungua." Na hapo ndipo ubaya wa kazi yangu ulipo. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na huwezi kumwonyesha mtu kitu ambacho hakikutokea.

Binti yangu alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Nilidhani ataniambia asante. Aliniambia, "Mama, umenivua nguo mbele ya wakwe zangu," akageuka, akarudi na mtoto mgongoni.

Sijaitwa. Mtoto amekaa, ametambaa, sasa anasimama akishika viti, na yote hayo nimeyaona kwenye simu. Sijutii. Ningeingia tena kesho, hata kitanda kingekuwa na watu. Lakini hasira yangu haikupata pa kwenda. Nikiwa kazini nawafokea wateja, na koridoni naweka milango ya dari kwa nguvu, asiyetaka atafute fundi mwingine.

Halafu juzi juzi nikasikia, kwa mtu aliyetoka huko, kwamba taa za rangi zimerudi. Yule rika aliitwa, kwa shati lake jeupe, akapanda, akaunganisha upya, akairuka breka kwa sababu inasumbua. Mkwe wangu alimruhusu. Alifikiri ndiyo njia ya kumwondolea mwenzake fedheha niliyomtia. Nilimpigia binti yangu simu nikaongea maneno ambayo siwezi kuyaandika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Alinipigia mwenyewe siku iliyofuata, mchana, simu ya picha. Nilipopokea niliona giza na mwanga wa tochi unayumba. Nilidhani mtandao. Kisha nikaona mbao, na upande wa chini wa bati.

"Uko wapi?"

"Darini."

"Shuka! Shuka sasa hivi, utakufa, wewe hujui—"

"Mama, nyamaza."

Hajawahi kuniambia hivyo. Nilimsikia akihema, anatafuta mahali pa kuweka goti.

"Ulinituma kwake, naye akanituma kwako," akasema, "mkaniendesha na kidonda tumboni kama mtoto wa kutumwa dukani. Halafu ukapita juu yangu ukaingia. Mwaka mzima mnanililia, wewe huku, yeye huku, kila mtu na heshima yake. Hiki ni chumba changu, mama. Kitanda ni changu. Hakuna mwiko unaonizuia mimi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kama naweza kupanda ngazi."

Tochi yake ilikuwa imetulia juu ya waya unaopita kwenye ukingo wa chuma.

"Umezima meni swichi?" nikamuuliza.

"Nimezima. Na fyuzi ziko mfukoni."

"Basi nionyeshe huo waya kwa karibu."